Mkuyu Juu ya Jiko la Wifi

27 Februari

Daktari amenipiga marufuku kukasirika. "Mama," alisema, "huwezi kugombana na serikali, wenye viwanda, wahubiri na mwenye nyumba wako kwa wiki moja. Mshipa utapasuka. Nenda kijijini mpaka mvua ziishe. Tazama ndege."

Nikamjibu kwamba tangu dunia iumbwe, kila mtawala angependa raia wake watazame ndege. Akanifunga tena kile kitambaa cha kipimo mkononi. Presha ilikuwa imepanda zaidi.

Basi niko hapa, kwenye nyumba nilimozaliwa, wanamoishi mdogo wangu na mkewe. Watoto wao wako shule ya bweni. Nimepewa chumba cha nyuma: kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha la wavu. Mhariri ameisimamisha safu yangu gazetini "kwa ajili ya afya yako," kwa sauti ya mtu ambaye hatimaye atapata usingizi. Nitaandika humu, hata kama ni habari za kunguru.

Dirisha linatazama ua wa nyuma. Kushoto kuna jiko la wifi, la matofali ya kuchoma, lenye bati jipya na dohani. Juu yake umeinama mkuyu mkubwa, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.

Nimeona: yangeyange watatu nyuma ya ng'ombe wa jirani; chozi mmoja kwenye ua la mgomba; mnana wengi mno. Sijakasirika bado, lakini ni asubuhi.

1 Machi

Mnana wameuchana mgomba wa wifi mpaka umebaki kama fagio. Wanajenga kwa kelele na wanabomoa kwa kelele. Najisikia nyumbani.

3 Machi

Leo nimeona jambo la kunyamazisha mtu, nami si wa kunyamaza.

Asubuhi nilisikia mlio kama wa mtu anayepiga pampu ya baiskeli kwa haraka. Ilikuwa mabawa. Hondohondo dume, mkubwa kuliko jogoo, mweusi, mgongo mweupe, pembe ya manjano juu ya mdomo kama kofia ya cheo. Alitua kwenye shina la mkuyu, juu kabisa ya bati la jiko, mbele ya tundu. Akatapika donge la tope. Kutoka ndani ukatokea mdomo wa pili, ukalipokea tope, ukalipaka ukingoni mwa tundu, tap, tap, kama fundi anayepiga lipu.

Jike anajijengea ukuta akiwa ndani. Anaacha ufa mwembamba tu wa kupitisha mdomo. Huko gizani atataga, ataatamia, manyoya yake ya kurukia yatanyonyoka, na kila tonge litatoka kwa dume. Dume akifa, wote wamekufa. Nilishasoma habari hizi kitabuni. Kuziona ni jambo jingine.

Dume nimemwita Mheshimiwa, kwa ajili ya kile kichwa na kelele anazofika nazo. Tofauti yake na waheshimiwa ninaowajua ni kwamba huyu huleta chakula nyumbani.

5 Machi

Vita.

"Msumeno anakuja Jumamosi," mdogo wangu alisema mezani. Msumeno ndilo jina la fundi wa kukata miti. Lake halisi sijalisikia.

"Anakuja kukata nini?"

"Mkuyu. Kabla mvua hazijakolea. Umelala sana upande wa jiko."

"Hamuukati," nikasema. "Kuna mzazi mle ndani."

Wifi akaacha kutafuna. "Mle wapi?"

Nikawaeleza. Mdogo wangu alisikiliza kwa adabu, kama alivyokuwa akinisikiliza tangu utotoni, akiwa ameshika kijiko. Wifi alisikiliza huku akikusanya makombo.

"Si ana mdomo?" akasema. "Aubomoe ukuta wake aende zake."

"Hawezi kuruka, wifi. Manyoya yanamtoka."

"Basi mumewe amtafutie nyumba nyingine. Wanaume wote ni wamoja, wanakupeleka kwenye nyumba mbovu halafu wanakwenda kutembea."

"Mimi nimekujengea jiko," mdogo wangu akalalamika.

"Nani kajenga jiko?"

Akarudi kwenye chai yake. Mimi sikunyamaza. Nilisema mpaka chai ikaota ngozi. Nilisema kwamba watu wasioweza kumngoja ndege alee wanawe hawatamngoja mtu yeyote. Nilisema mti ule ulikuwepo kabla ya bati, kabla ya nyumba, kabla yetu. Nilisema woga ni mshauri anayelipwa na msumeno. Nilishinda, huwa nashinda. Mdogo wangu akainua mikono: "Haya, dada. Mpaka vifaranga watoke."

Wifi akafuta meza, akakung'uta kitambaa nje ya mlango, akarudi. "Mkuki kwa nguruwe," akasema. "Sawa, mti ubaki. Ila mimi siingii tena chini yake. Jiko ni lako, wifi yangu. Anayemtetea ndege apike chini ya ndege."

"Nitapika."

"Kwa watu wote?"

"Kwa watu wote."

"Maskini watu wote," akasema mdogo wangu.

8 Machi

Nimeunguza maharage.

9 Machi

Nimeunguza maharage tena. Wifi husimama nje ya kivuli cha mkuyu, mikono kiunoni, na kunielekeza kwa mbali kama nahodha aliye bandarini. "Wifi, maharage hayasomi magazeti! Punguza moto!" Nadhani anafurahi. Nadhani ni mtu wa akili finyu anayeona dunia nzima kupitia mlango wa jiko. Nimeliandika hilo kwa utulivu, daktari, bila hasira.

14 Machi

Dudumizi ameanza kuita bondeni, ile sauti ya maji yanayomiminwa kwenye mtungi. Jioni, matone makubwa, machache.

19 Machi

Mvua.

20 Machi

Mvua. Nguchiro mama na wanawe wamepita mstari mmoja nyuma ya choo, wakapita tena wakiwa na yai. Kuku wa wifi wanalalamika. Wifi anasema nami niwatetee nguchiro, mradi niwe nataga mwenyewe.

24 Machi

Nimejifunza ratiba ya Mheshimiwa. Anakuja mapema kabla ukungu haujaondoka, koo limejaa makuyu, anayatapika moja moja: kuyu, mdomo ufani, kuyu, mdomo ufani. Hatafuni, haonji. Halafu anasimama kidogo akitazama bati, kama anayekagua, na kuondoka kwa kishindo. Hamwoni mkewe. Anauona mdomo tu.

Maharage yangu leo yameliwa yote. Hakuna aliyesifu.

30 Machi

Jana kumbikumbi walitoka ardhini baada ya mvua, na ndege wote wa bonde walikuja kwenye karamu: mbayuwayu, shore, mwewe wawili, kunguru wanaotembea wakiokota kama watu waliokosa haya. Wifi alikuja kusimama karibu yangu, karibu kuliko kawaida, hatua chache tu nje ya kivuli. Tulitazama pamoja.

"Hili jiko," akasema ghafla, "unajua matofali nilifyatua mwenyewe?"

Sikujua.

Akasema miaka yote tangu aolewe alipikia chini ya turubai. Kila msimu moto ulizimwa na mvua, naye alikoka tena kwa kuni mbichi, macho mekundu, mama mkwe akimwambia moshi hauui. Mama mkwe ni mama yangu. Akasema alichimba udongo bondeni, akafyatua, akaanika, mvua ikaja mapema, ikayeyusha yote. Mwaka uliofuata akafyatua tena. Mdogo wangu alileta bati na dohani. Basi.

"Ndiyo maana ukasema, nani kajenga jiko," nikasema.

"Umekumbuka?" Akacheka. "Wewe husikii, wifi. Wewe unangoja zamu yako ya kusema."

Sikulala vizuri. Presha, labda.

6 Aprili

Mvua. Kenge amelala kwenye njia ya kisimani, mrefu kama ngazi, hataki kupisha mtu. Nimezunguka.

11 Aprili

Mhariri amepiga simu. Anasema wasomaji wanauliza niko wapi. Nikamwambia niko jikoni. Alidhani ni sitiari.

15 Aprili

Sauti mpya ukutani! Mheshimiwa alipofika, nyuma ya mdomo wa jike kulisikika kilio chembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kifaranga. Nilimkimbilia wifi nikiwa na mwiko mkononi. Akatoka, akafika ukingoni mwa kivuli, akatega sikio.

"Ana njaa," akasema.

"Ndiyo!"

"Wote wana njaa. Na sufuria inaungua."

Lakini alibaki akisikiliza mpaka Mheshimiwa alipoondoka.

22 Aprili

Mvua ya usiku kucha. Asubuhi nilikwenda nyuma ya mkuyu kuokota kuni zilizoanguka, upande ule ambao mti haukuinamia. Kuna ufa ardhini.

Umefuata mizizi kama mstari uliochorwa, mrefu kama mtu aliyelala. Vidole vyangu viliingia. Ardhi upande wa shina imeinuka kidogo kuliko upande wa pili.

Nilisimama pale nikitafuta jina la kitu nilichokiona, jina lisilokuwa la kweli. Mmomonyoko wa kawaida. Udongo ukinyweshwa hupasuka, kila mkulima anajua. Na hata kama ni mizizi, mti huu umeinama tangu nikiwa mtoto. Nikiwaambia, Msumeno atakuja kesho, na kifaranga mle ndani hajaota hata unyoya.

Nikachukua jivu jikoni, nikalimwaga ufani, nikatandika majani juu yake.

Hoja yangu ni hii, na naiandika ili nione kama inasimama: anayeingia chini ya mti ni mimi peke yangu. Kichwa kilicho hatarini ni changu. Mtu ana haki ya kuweka kichwa chake mahali anapotaka.

Inasimama.

23 Aprili

Jua. Chozi kwenye ua la mgomba. Nimepika bila kuunguza.

27 Aprili

Mvua. Jivu limezama. Ufa sasa unapokea kiganja. Nimejaza udongo, nimepanga majani upya. Wifi aliniuliza nafanya nini kule nyuma kila siku. Nikamwambia natafuta kinyonga. Amecheka. "Mtu mzima na elimu yako."

2 Mei

Maisha yangu yote nimeandika dhidi ya watu wanaoficha nyufa. Kuna safu niliyoandika juu ya ghorofa moja lililoanguka, na mhandisi aliyeziba nyufa kwa rangi ili wapangaji wasihame. Nilimwita muuaji mwenye brashi. Watu walikata kipande kile gazetini wakakibandika ofisini.

Lakini yule mhandisi hakulala ndani ya ghorofa lile. Mimi naingia jikoni kila siku. Hiyo ndiyo tofauti. Ni tofauti kubwa.

Kifaranga ana nguvu. Kilio chake kinasikika mpaka chumbani kwangu.

5 Mei

Mvua.

6 Mei

Mvua. Nimepika nikiwa natazama juu.

8 Mei

Mdogo wangu amesema mezani, bila kumlenga mtu, kwamba anaona kama mkuyu umesogea. Nikamuuliza amepima kwa kipimo gani. Nikamuuliza kama mti nao umeanza kutembea. Nikafanya mzaha mmoja, mzuri, juu ya miti inayohama mashambani kutafuta kazi mjini. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Mdogo wangu naye akacheka, akarudi kwenye chakula.

Nimeshinda tena.

11 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi niliamka kichwa kikigonga kama ngoma, macho yakiona vimulimuli. Wifi alikuja na maji, akanipima uso kwa mgongo wa mkono, akaniamuru nilale. Nikameza vidonge, nikalala. Niliposhtuka ilikuwa alasiri, na mvua ilikuwa inashuka kwa upepo, ile inayopiga ukuta kwa ubavu. Niliona kwanza moshi. Ulikuwa unatoka kwenye dohani.

Halafu nikasikia wifi anaimba, jikoni.

Sikumbuki kuvaa viatu, nadhani sikuvaa. Nilikimbia uani nikipiga kelele, "Toka! Wifi, toka nje!"

Akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Nyoka? Yuko wapi?"

"Toka!"

Akaruka nje, akanifuata mpaka barazani akitazama nyuma miguuni. Mdogo wangu naye akatoka na panga. "Nyoka gani?"

"Si nyoka," nikasema. "Ni mti."

Wote wawili wakautazama mkuyu. Ulikuwa umesimama vilevile, unayumba na upepo kama miti mingine yote. Ndani ya jiko sufuria ilikuwa inachemka.

"Mti umefanya nini?" wifi akauliza. "Wifi, ni homa. Rudi kitandani, nakupikia uji. Umelala tangu asubuhi hujatia kitu tumboni, nikasema leo nivunje mwiko wangu niingie mara moja tu…"

"Ardhi imepasuka. Kule nyuma. Mizizi inang'oka."

"Umeona saa ngapi?"

Ningeweza kusema: sasa hivi. Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa rahisi, nao wangeniamini, na wangenishukuru. Sijui kwa nini sikulisema. Nadhani ni ule uji. Hakuna hoja niliyoipata dhidi ya ule uji.

"Mwezi uliopita," nikasema. "Nilikuwa naufukia."

Mdogo wangu aliingia mvuani, akazunguka nyuma ya mti. Tulimwona akipangua majani kwa panga, akipiga magoti, akiingiza mkono. Uliingia mpaka kiwiko. Alipouchomoa aliutazama kama si wake.

Wifi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi.

"Majuzi tulicheka," akasema. "Pale mezani. Mume wangu alisema mti umesogea, ukamfanyia mzaha, nami nikacheka. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulinichekesha ukiwa unajua."

Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema kwamba aliyekuwa anaingia ni mimi tu, kwamba kichwa ni changu, hoja yote ile niliyoipanga vizuri. Akainua mwiko, taratibu, akauweka mbele ya midomo yangu bila kuigusa, kama mtu anayefunga mlango. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Uji uliungua. Hakuna aliyekwenda kuuzima moto. Mvua iliuzima yenyewe kupitia dohani.

12 Mei

Wifi hasemi nami. Ananiletea chakula, anaweka, anaondoka. Amepanga mafiga matatu barazani na turubai juu yake.

13 Mei

Mdogo wangu alinikuta nimekaa kitandani. "Msumeno anakuja kesho," akasema, akangoja. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amesimama kama anavyosimama mtu anayesubiri mawimbi.

Hoja zilinijaa kinywani, nazo zilikuwa nzuri. Majuma machache tu. Jiko ni tupu sasa, hakuna wa kufa. Tofali linaweza kufyatuliwa tena, ndege hafyatuliwi. Ningemshinda. Angerudi kwa mkewe na kumwambia, dada amesema tungoje, naye angepikia chini ya turubai mpaka siku mti utakapoamua, na ukianguka ungelala juu ya matofali yake yote.

"Ukateni," nikasema.

Hakuondoka. "Una hakika, dada?"

"Usiniulize mara ya pili. Naomba usiniulize mara ya pili."

14 Mei

Msumeno ni mtu mfupi mwenye mabega mapana na utani mwingi. Alipoambiwa kwamba kabla ya kukata lazima apande kuwatoa ndege, alisema amewahi kuwatoa wapangaji wagumu zaidi. Alipanda kwa kamba akiwa na gunia. Tulisikia akiuvunja ukuta. Ulikuwa mgumu, aligonga kwa mpini wa panga. Kisha tukasikia akilaani.

Alishuka mkono ukichuruzika damu. "Mama yenu huyu," akasema, "anauma kama karani aliyekatizwa chai."

Ndani ya gunia: jike, mchafu, mabawa yamebaki vijiti, kuku aliyenyonyolewa nusu. Na kifaranga mmoja, tumbo kubwa, ngozi wazi, miiba ya manyoya mgongoni kama nungunungu. Vilikuwepo pia vipande vya ganda la yai la pili.

Nilikuwa nimeandaa boksi chumbani kwangu. Lakini wifi, bila kunitazama, alikuwa amekwisha fungua mlango wa jiko, amefagia jivu, ametandika gunia kavu pembeni mwa mafiga. Akamwonyesha Msumeno kwa kidevu: hapo.

Mkuyu ulishuka kipande kwa kipande, upande wa pili, kwa kamba. Kazi ilichukua mpaka jioni. Kimebaki kisiki cha kufika kifuani. Uani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, kama chumba kilichotolewa samani.

Mheshimiwa alikuja katikati ya kazi, akauona msumeno, akageuka hewani.

15 Mei

Amekuja alfajiri. Alizunguka mahali palipokuwa tundu, hewani, akarudi, akazunguka. Mabawa yale. Jike alimsikia, akaita kutoka jikoni. Dume akatua juu ya bati, akatembea, kucha zikikwaruza, hakujua pa kuingilia. Akaondoka na makuyu yake kooni.

Nimempa jike papai. Ameutazama mkono wangu, akauma mkono.

16 Mei

Mheshimiwa ametua juu ya kisiki. Alitapika makuyu pale, moja moja, akingoja mdomo baada ya kila moja. Hakuna mdomo uliokuja. Siafu waliyachukua.

Kifaranga nimemlisha kwa nguvu, nikimfungua mdomo kwa kidole. Nusu anatema. Jike hali kabisa. Nilipitisha siku nzima sakafuni mwa jiko lile, kati ya matofali yale. Kwa karibu, kila tofali lina alama za vidole vya aliyelifyatua.

17 Mei

Kifaranga amekufa asubuhi. Nimemzika nyuma ya choo. Wifi alinitazama nikichimba.

Jike hataki kula bado. Dume amekuja, ameacha makuyu kisikini, ameondoka. Amekaa muda mfupi kuliko jana. Nimesoma mahali kwamba hatimaye huacha kuja.

18 Mei

Mvua nyembamba. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nikiwa na sahani ya papai isiyokuwa na maana, wakati wifi alipotoka barazani. Alikuwa amejifunga kanga mbili kifuani, na mikononi amevaa glavu za mdogo wangu za shambani. Alinipita kana kwamba mimi ni fremu ya mlango. Aliinama juu ya jike. Mdomo ule mkubwa ukafunguka, ukamng'ata glavu, ukashikilia. Wifi akamwacha ashikilie. Akamkumbatia kwa mkono wa pili, akainuka naye, akatoka mvuani, akaelekea kisikini.

Nikafuata. Sikujua nifanye nini kingine.

Alimweka ndege juu ya kisiki. Jike alijikunyata, akateleza, kucha zikakosa pa kushika kwenye mti uliolowa. Wifi alikuwa na mikono miwili tu.

"Shika mabawa huku," akasema. "Na leo, wifi, usihutubie."

Nikashika. Mifupa ya bawa ni myepesi kama ya mwavuli. Moyo wa ndege ulikuwa unapiga kwenye vidole vyangu, haraka haraka, na sikujua ni wake au ni wangu. Tulisimama hivyo, kichwa cha wifi karibu na changu, maji yakitudondoka puani. Mdogo wangu alitoka barazani, akatuona, akataka kuuliza, akaona uso wa mkewe, akarudi ndani taratibu.

Tulingoja. Mkono ulinifa ganzi. Nguchiro alipita nyuma ya choo, akasimama kwa miguu miwili kututazama. Wifi akamzomea kwa meno, mnyama akatoweka. Kisha, mbali, kutoka upande wa bonde, pampu ya baiskeli.

Alizunguka mara moja juu yetu. Akazunguka tena. Jike akainua kichwa, akaita, sauti ya kukwama kooni. Dume akatua kwenye nguzo ya uzio, akatukagua mmoja mmoja: wifi, mimi, mkewe. Alikaa pale mpaka nikaanza kuamini kwamba ataondoka. Halafu akaruka mruko mmoja, akatua ukingoni mwa kisiki, karibu kiasi kwamba niliiona kope yake.

Akatoa kuyu. Jike akafungua mdomo, akameza.

Kuyu la pili. La tatu. Wifi alikuwa anapumua kwa mdomo wazi kama mtoto. Damu ilikuwa inapenya kidole cha glavu yake, naye hakuitazama.

Dume alipomaliza aliondoka bila adabu, mkia ukinipiga usoni. Wifi akamkumbatia jike tena, akamrudisha jikoni, akamweka kwenye gunia, akafunga kipande cha chini cha mlango na kuacha cha juu wazi. Akavua glavu, akakiangalia kidole, akakinyonya.

"Kesho tutoke mapema zaidi," akasema. "Leo amechelewa kula."